Tangu Waondoe Dole la Chini

Usiku ule nilikesha nikingoja jibu la binti yangu Twaiba. Nilikuwa nimemwandikia maneno machache, maana kuandika kwangu ni kwa taabu: "Mwanangu, usifunge mbegu kesho. Ngoja." Simu ilionyesha kwamba ameyasoma. Jibu hakuleta. Alikuwa amekwenda kulala kwa Mwanasha, upande wa pili wa msikiti, karibu kiasi kwamba wakicheka nawasikia. Na walicheka.

Sisi wanawake wa Bodo wengi wetu twalima mwani. Twafunga vitawi vya mbegu kwenye kamba, kamba twazinyoosha baharini kati ya vigingi, na maji yakitoka twaenda kuzitazama. Twaiba alikuwa amekusanya mbegu zake msimu mzima, na sasa alitaka kuzifunga zote pale kwenye kina kifupi, katikati ya kaskazi. Pale maji yakishatoka, yanayobaki huchemka na jua yakawa kama ya kumkandia mzazi. Mwani hugeuka mweupe, ukakatika, ukaelea. Nimepata hasara pale, napajua. Lakini Mwanasha alikuwa amesema panafaa.

Huyu Mwanasha ni mzaliwa wa Tiwi, aliolewa kwetu na marehemu Chande, na Mungu hakumjalia mtoto. Kwenye jukwaa letu la simu, la wakulima wa mwani, yeye haandiki, hurekodi sauti. "Assalaam aleikum, wapenzi wangu," ndivyo aanzavyo. Huulizia wagonjwa kwa majina, huwapa pole waliofiwa, ndipo aingie kwenye mambo ya kamba na vigingi. Sauti yenyewe laini kama uji wa mchele. Mimi nikiandika neno napata alama moja ya moyo, na najua ni wa jirani yangu Mishi. Yeye akikohoa tu, mioyo inamiminika. Nilikuwa nikimsikiliza huku nachambua dagaa, natafuta kosa, nalikosa, nazidi kuudhika. Na binti yangu niliyemzaa kwa uchungu alikuwa akimwita "mamangu".

Zamani jukwaa lile lilikuwa na alama mbili, dole la juu la kukubali na dole la chini la kukataa. Chini ya kila neno uliona hesabu, majina hukuyaona. Mwaka juzi bwana mmoja alitushauri tuanike mwani mchangani, eti hukauka upesi. Hakuna aliyemjibu. Alikuwa mtu mzima, na kwetu kumkanusha mtu mzima mbele za watu ni kukosa adabu. Lakini madole ya chini yalijaa mpaka Twaiba akaniuliza, "Mama, mbona watu wamelikataa hili?" Nikamweleza kwamba mchanga hushika na mnunuzi huutupa. Akaupandisha wake kwenye chanja. Hakuna aliyetukanwa, wala bwana yule hakununa. Alilifuta mwenyewe.

Kisha Christabel, msichana wa bara anayesimamia jukwaa kutoka Ukunda, akaliondoa dole la chini. "Mamaz, tusivunjane moyo," akatuandikia. "Hapa ni mapenzi tu." Ikabaki mioyo. Ukipenda unaweka, usipopenda unanyamaza, na kunyamaza hakuna anayekuhesabu.

Jioni ile, kabla hajaondoka, Twaiba alinionyesha simu, ushauri wa Mwanasha na mioyo iliyoufuata.

"Tazama, mama. Watu wote hawa wamekubali."

"Na waliokataa?"

"Hakuna aliyekataa."

"Watakatalia wapi, mwanangu, na dole limeondolewa?"

"Anayekataa ni wewe peke yako. Sema kweli. Wamwonea wivu Mamangu Mwanasha."

"Namwonea, tena sana. Na maji yale ni ya moto. Wivu wangu hauwezi kuyapoza wala kuyachemsha."

Akajitwika gunia bichi la mbegu akatoka.

Nilipokuwa nimelala macho nilifikiri hivi: dole langu la zamani halikuwa na sura. Lilikaa na ya wenzangu, likahesabiwa nayo. Sasa nikisema kwa kinywa changu, mtu husikia wivu kwanza, na yaliyobaki hayasikii.

Niliposwali alfajiri nikaenda kwa Mishi. Alikuwa akijifunga leso ya kwendea baharini.

"Ule ushauri wa Mwanasha, wewe wauonaje?"

Akatazama nyuma kwanza. "Pale? Pale hata chaza hawakai. Mwani wake yeye ulishika kwa sababu kwake mkondo wapita."

"Nawe ukaweka moyo!"

"Ningefanyaje, dada? Aliniulizia mguu wangu."

Tukapita kwa Nereah, mwenzetu aliyetoka bara akaolewa hapa. Yeye hakutazama nyuma. "Mama Twaiba, mimi dole chini nilikuwa naweka kila siku. Sasa niandike? Wataniambia mtu wa ziwa anajua nini mambo ya bahari."

"Basi njooni mseme."

"Kusema, hapana," wakasema wote wawili, kama waliopatana.

"Msiseme. Simameni tu, mhesabiwe."

Njiani Mishi akamwita mkwewe, na Nereah akamwita jirani yake. Tulipofika kwa Mwanasha tulikuwa kundi. Taa ilikuwa inawaka ndani, na nilisikia kamba zikiburutwa sakafuni. Walikuwa wameshaanza kufunga.

"Hodi!"

Dirisha likafunguka kidogo, akachungulia Mwanasha. "Karibuni, wapenzi wangu. Mbona mmekuja wengi? Kuna msiba?"

"Hakuna," nikasema. "Tumekuja kwa habari ya mbegu za mwanangu."

Akanipita kwa macho, akawatazama walio nyuma yangu. Mkwe wa Mishi alikuwa akichimba mchanga kwa kidole cha mguu.

"Nereah?"

"Tumekuja tu, dada."

"Mishi, hata wewe?"

"Hata mimi," Mishi akasema, akajitazama miguu.

Nilingoja akasirike, nilitamani akasirike, ili na Twaiba aone kwamba hata yeye ana ubaya. Hakukasirika. "Kumbe," akasema polepole. "Na mimi nasikiliza mioyo." Kisha akageuka ndani, na kwa sauti ile ile laini ninayoichukia akasema, "Twaiba mwanangu, wacha kamba. Nenda mlangoni ukatazame, maana mimi sikuonyeshwa yote."

Kamba zikanyamaza. Neno langu la usiku kucha halikumzuia, lake moja likamzuia. Nikasimama pale nimekaza leso kifuani, nashukuru na naungua.

Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka, na Twaiba akaanza kututazama mmoja mmoja, akianzia nyuma kabisa, mimi nikiwa wa mwisho.