Tangi Chini ya Kitanda cha Mama

Tangi lilikaa chini ya kitanda cha mama. Hilo nililipanga mwenyewe siku tulipokuwa tunapima gari kwa kamba na chaki, kwa sababu lita mia za maji zina uzito wa mtu mnene, na fundi alisema uzito wa namna hiyo ukae katikati ya magurudumu, si nyuma. Mama alipoonyeshwa aliinama, akaligonga lile tangi la plastiki kwa kifundo cha kidole, akasema, "Kwa hiyo nitalala juu ya kisima."

Gari lenyewe lilikuwa la kusambaza mikate. Nililinunua likiwa limechoka kwa nje lakini injini yake nzima, na kwa miezi minane mimi na fundi mmoja wa jua kali hapa Kehancha tukaligeuza nyumba: vitanda viwili, jiko la gesi, sinki ndogo, pampu inayotumia betri, na mfereji mmoja unaong'aa. Mimi ni mshonaji, kwa hiyo mapazia na magodoro nilishona kwa mkono wangu. Siku za jua kali gari zima bado hunukia mkate. Watu waliuliza kama nataka kufungua hoteli. Niliwaambia nataka kumpeleka mama ziwani.

Mama ana miaka sabini na kitu, na nyonga yake ni mbovu. Hawezi kukaa garini zaidi ya saa moja bila kujinyoosha, na halali mahali ambapo hana maji ya kunawa karibu naye. Ndiyo maana alikuwa hajamwona mdogo wake kwa zaidi ya miaka ishirini. Mama mdogo aliolewa na mvuvi Mjaluo, upande wa pili wa mji wa Homa Bay, na babu yangu, Mkuria, hakupenda. Mambo yalikaa vibaya, kisha babu akafa, kisha wote wawili wakazeeka. Wakawa dada wa simu. Kila Jumapili baada ya kanisa mama alishika simu kwa mikono miwili akapiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Wiki moja kabla ya safari nililisafisha tangi kwa dawa ya maji, nikalisuuza mara tatu mpaka ile harufu ya hospitali ikatoka. Nilitaka kulijaza maji ya mvua tuliyonayo nyumbani. Mama akakataa. Alitaka maji ya chemchemi, ile iliyoko bondeni nyuma ya shamba la tumbaku, ambako yeye na mdogo wake walikuwa wanachota wakiwa wasichana.

"Nataka ayanywe," alisema. "Halafu aniambie kama amesahau."

Basi asubuhi ya safari pikipiki ilishuka bondeni ikapanda na mitungi mitano ya maji. Mdomo wa tangi uko ubavuni mwa gari, nyuma ya mlango wa dereva. Nilipokuwa namimina nikagundua kwamba kipimo, kile kidude cha kuonyesha maji yamefika wapi, kimekufa kabla hata ya kuanza kazi. Nikasema sasa tutajuaje limejaa. Mama alikuja na fimbo yake, akaweka sikio kwenye bati, akafumba macho. Nami nikasikiliza. Sauti ya maji ilianza nzito, kama mtu anayeongea ndani ya pipa, kisha ikawa inapanda, inapanda, inakuwa nyembamba.

"Acha hapo," alisema mama. Nikatazama ndani kwa tochi. Ilikuwa imebaki nafasi ya vidole vitatu.

"Nimejaza mitungi maisha yangu yote," akasema. "Hilo ni mtungi tu, limelazwa."

Tuliondoka nikiwa na furaha ambayo sijui niilinganishe na nini. Nilikuwa nimeendesha gari lile likiwa tupu, lakini likiwa na maji lilikuwa kitu kingine. Kwenye kona lilikuwa linaegemea taratibu, kisha linajirudi, na nyuma yangu nilisikia maji yakisogea. Tulipita Migori soko likiwa linafunguka. Mama alikaa mbele kwa nusu saa, akaenda kulala nyuma, akarudi mbele, akaenda tena. Mara tatu alishikilia nisimame ili afungue mfereji, anawe mikono ambayo haikuwa michafu. Mara tatu maji yalitoka, na mara zote tatu alinitazama kama aliyeniona ninafanya kiini macho.

Kabla ya kufika Rongo barabara ilikuwa inatengenezwa, wakatuchepusha kwenye njia ya mawe. Gari lilirukaruka, vikombe vikagongana kabatini, kitu kikagonga chini kwa kishindo. Sikusimama. Nilidhani ni jiwe tu.

Kufika Rodi Kopany tulisimama kunywa chai. Niliweka sufuria juu ya jiko, nikawasha pampu, nikafungua mfereji. Ulikohoa. Ukatema matone mawili, kisha ukanyamaza, na pampu ikaendelea kunguruma peke yake.

Nilitoka nikalala chali chini ya gari, kwenye vumbi, na gauni langu jipya. Chini ya tangi kuna mfereji mdogo wa kumwagia maji machafu wakati wa kusafisha. Jiwe lilikuwa limeupiga mkono wake likaugeuza, ukawa wazi kabisa. Hapakuvunjika kitu. Maji yote ya chemchemi yalikuwa yamebaki barabarani, kuanzia Rongo mpaka pale.

Nilitoka chini ya gari nikamwambia. Mama alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, miguu haifiki chini. Nilianza kujieleza, nikisema tunaweza kurudi, nikisema kosa ni langu, ningesimama niliposikia kile kishindo.

"Turudi wapi?" aliuliza. "Amenipigia simu mara nne tangu asubuhi. Nipe fimbo yangu. Pale mbele nimeona watu na mitungi."

Alikuwa ameona kweli. Hatua chache kutoka tuliposimama kulikuwa na kioski cha maji, na wanawake saba au wanane wamepanga foleni na mitungi yao ya njano. Mama alikwenda akasimama mwisho wa foleni, mikono mitupu. Mimi nilikuwa bado nakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikaufunga ule mkono wa mfereji wa chini mara nne usifunguke tena. Nilipoleta gari karibu, wanawake walikuwa wameshaanza kumwambia mama apite mbele, wakimwita dana, yaani nyanya.

Mwenye kioski alikuwa mama wa makamo, aproni ya kijani, simu imechomekwa kwenye kilemba. "Dana, mtungi yako iko wapi?" aliuliza.

Mama akanyoosha fimbo kuelekea gari. "Ni ile."

Watu wakageuka. Mmoja akauliza kama tunaosha gari. Mama akawaambia hapana, ndani ya gari kuna tangi, kuna sinki, kuna mfereji kama wa nyumbani, na kitanda chake kiko juu yake. Alisema kwa Kiswahili chake cha Kikuria, polepole, na alivyokuwa anasema ungedhani ni yeye aliyelitengeneza. Mwenye kioski akaweka mikono kiunoni.

"Hiyo sitaamini mpaka nione maji ikitoka," alisema.

"Jaza, utaona," mama akamjibu.

Nilikuwa na mpira wangu safi wa kupitishia maji, ninaoutunza kwenye mfuko wake usiguse mafuta wala uchafu. Lakini bomba la kioski lilikuwa nene, mpira wangu mwembamba, haviingiani. Nikasimama pale nikiwa sijui la kufanya. Mwanamke mmoja mjamzito aliyekuwa mbele ya foleni akachukua chupa tupu ya soda kutoka kwenye kikapu chake, mwenye kioski akaikata kwa kisu na kuisuuza, tukachomeka mdomo wake kwenye mpira, na ule upande uliokatwa tukauingiza kwenye bomba, tukaubana kwa leso ya mama. Ulivuja, lakini maji mengi yalipita. Yule mjamzito alishika leso, mimi nikashika mpira kwenye mdomo wa tangi, na mama akaweka sikio kwenye bati.

Foleni ilivunjika. Wote walikuja upande wa mama, na wengine nao wakaweka masikio. Ilikuwa saa tano, jua kali, na wanawake watano wameegemea gari la mikate kama wanaosikiliza siri.

"Bado," mama alisema. "Bado. Sasa inapanda. Mnasikia? Funga."

Bomba likafungwa, na maji kidogo yakarudi yakamwagika kwenye viatu vyangu. Hakuna aliyeondoka. Walikuwa wanangoja mfereji.

Niliingia ndani, nikawasha pampu. Ikanguruma. Mfereji ukapiga pumzi kavu. Nikazima, nikawasha tena, ni yale yale. Mlango wa gari ulikuwa umejaa nyuso. Mwenye kioski akasema, si kwa ubaya, "Hata mimi iko siku bomba yangu hukataa," na hilo likanifanya nitokwe jasho zaidi.

Kisha nikakumbuka. Fundi aliniambia tangi likikauka kabisa, hewa huingia kwenye bomba na pampu hushindwa kuvuta. Ikikataa, alisema, inyonye kama soda. Nikapiga magoti mbele ya sinki, nikaweka mdomo kwenye mfereji, mbele ya watu wote wale, nikanyonya. Hewa. Nikanyonya tena mpaka mashavu yakauma. Nikasikia mtu anacheka huko nje, na mama akimwambia anyamaze. Mara ya tatu kitu kiliguna chini ya kitanda, pampu ikabadilisha sauti, na maji yakanipiga kooni na puani kwa nguvu nikaanguka kwa matako.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mfereji ulikuwa unamwaga maji kama ulivyotakiwa, sawasawa, bila kukohoa, na mimi nimekaa sakafuni nimelowa, nacheka mpaka siwezi kuinuka.

Mama ndiye aliyenawa kwanza. Kisha akasogea, akamwita mwenye kioski. Yule mama alivua ndala mlangoni, akapanda, akanawa uso, akageuza mkono wa mfereji akaufunga, akaufungua, akaufunga. Wengine nao walipanda mmoja mmoja, wote wakivua viatu bila kuambiwa, na kila mmoja akanawa mikono na kushuka. Maji yalipungua na hakuna aliyejali. Mwishoni mwenye kioski alituongezea yale tuliyotumia, na nilipotaka kulipia hayo ya pili alikataa. "Hiyo ni yetu tumenawa," alisema. Mama alimwambia ero kamano, neno la Kijaluo la asante ambalo sikuwahi kujua kama analijua.

Kutoka pale mpaka Homa Bay mama hakurudi kulala. Alikaa mbele, na barabara ilipoanza kuteremka na ziwa likatokea, jeupe kwa jua, alinishika mkono ule wa kubadilishia gia hata ikabidi niendeshe na gia moja.

Mama mdogo alikuwa anatungoja barabarani, kilomita nyingi baada ya mji, amekaa kwenye jiwe na mwavuli. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na mwembamba, na ana pua ya mama. Hawakukumbatiana mara moja. Walishikana viganja, wakatazamana, mama akamwambia, "Umekuwa mweusi." Naye akajibu, "Wewe umekuwa mfupi." Ndipo wakalia.

Nilichemsha chai kwa maji ya Rodi. Mama alimweleza yaliyotokea, kwamba alimletea maji ya chemchemi na yote yamebaki barabarani. Aliyasema kwa huzuni ya kweli. Mama mdogo akanywa, akaweka kikombe chini.

"Yale yenye vyura?" aliuliza.

"Hayakuwa na vyura."

"Dada, wewe ulikuwa unachota juu. Mimi ulinituma chini, kwenye vyura." Na wakaanza kubishana, kwa Kikuria cha zamani ambacho mama mdogo alikuwa anakitafuta neno kwa neno, akikosa neno anaweka la Kijaluo, na mama anamrekebisha. Walibishana mpaka jua likapungua, na sikumbuki kumwona mama akiwa na raha kama ile.

Tulipanga kukaa siku mbili. Tulikaa tano. Kila asubuhi nilikwenda na gari kujaza tangi, kwa sababu nyumba nzima ya mama mdogo, wakwe na wajukuu, walikuwa wamegoma kunawa kwingine. Nikawa mwepesi wa kazi ile. Kuunganisha mpira, kusikiliza, kufunga, kuukausha mpira na kuurudisha mfukoni, yote kabla chai haijachemka.

Siku ya kuondoka niliamka nyumbani kwao, nikatoka nikakuta mama mdogo ameshapanda gari. Amekaa kwenye kitanda changu, begi miguuni, kitambaa cha kanisani kichwani. Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda chake mkabala naye, anatazama dirishani kama mtu asiyehusika.

"Mama mdogo," nikasema, "tunaondoka sasa hivi."

"Najua. Nimeaga tangu jana."

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu," alisema. "Kuna mtu amesema hakuna vyura."

Nikafunga mlango wa nyuma, nikazunguka gari kuangalia magurudumu, nikaingia. Gari lilikuwa zito kuliko siku tuliyokuja, likapanda kilima taratibu kwa gia ya pili, na huko nyuma sauti mbili zilikuwa zimeshaanza.