Meli Niliyopanda Bila Mama Jeni

Safari ile ilikuwa na sababu moja tu: mke wangu alitaka kupanda meli. Hatukuwa na mgonjwa wa kumtazama, wala msiba wa kwenda kuzika, wala mzigo wa kupeleka sokoni. Watu wa kijiji chetu cha Mwese walitucheka. Jirani yangu mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mnakwenda Kigoma kufanya nini?" Nikamjibu, "Kupanda meli." Akaendelea kunitazama, akisubiri nimalizie maneno.

Mke wangu anaitwa Spesioza, ila hapa kijijini wote wanamwita Mama Jeni, kwa jina la binti yetu mkubwa. Alizaliwa huku huku milimani, lakini wazazi wake walivuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita Burundi. Marehemu mama yake alimsimulia habari za maji yale mara nyingi mno, mpaka akakua akijiona kama naye alikuwemo. Ila ziwa lenyewe, lililo upande wa pili tu wa milima yetu, hakuwahi kulitia machoni. Tulipooana nilimwahidi kwamba nitampandisha meli. Ikapita miaka kumi na moja. Mara ana mimba, mara mvua imekata barabara, mara mimi nimebaki shuleni na mwalimu mwenzangu mmoja tu. Nilikuja kuitimiza ahadi katika mwaka wa pili wa korona, likizo ya katikati ya mwaka, wakati masharti yalikuwa yamerudi kwa nguvu. Spesioza hakujali masharti. Alichukua kipande cha kitenge cha njano chenye maua mekundu, akashona barakoa nne zinazofanana: yake, yangu, ya Jeni mwenye miaka kumi, na ya Furaha mwenye sita.

Jumatatu asubuhi tuliondoka Mwese kwa pikipiki mbili, mimi na Furaha kwenye moja, Spesioza na Jeni kwenye nyingine. Ile barabara kila mtu wa huku anaijua: unapanda, unashuka, kuna mahali abiria anateremka atembee ili pikipiki ipite. Magari ya kwenda Karema hutokea Mpanda yakiwa yamejaa, kwa hiyo ilitubidi tuende kwanza Kabungu kwa shemeji yangu Nikodemo, kaka yake Spesioza, aliyekuwa ametushikia nafasi. Tulifika jua likiwa bado juu. Nikodemo alisimama mlangoni, akaweka kiganja kifuani mwake badala ya kutupa mkono, akatusalimia kwa Kirundi.

"Amahoro! Karibuni. Salamu za siku hizi ndiyo hizi, msinione nina majivuno."

Tulikula ugali na maharage. Spesioza alikula kidogo akasukuma sahani.

"Mwili unaniuma," akasema.

"Ni pikipiki," nikamwambia.

"Labda."

Jumanne asubuhi alikuwa anatetemeka. Nilimgusa shingo, ilikuwa ya moto. Nilijua ni homa, na nataka msomaji ajue kwamba nilijua. Nikatoa vidonge vya maumivu nikampa viwili na maji. "Meza, joto litashuka kabla hatujafika. Usimwambie mtu." Akanitazama kidogo, kisha akameza. Alikuwa ameisubiri meli ile tangu utotoni. Naye pia hakutaka kuambiwa arudi nyumbani.

Saa saba mchana tulifika Karema. Tulipoteremka kilima cha mwisho Spesioza aliliona ziwa kwa mara ya kwanza. Alishika mkono wangu. Maji yalikuwa ya buluu, na milima ya Kongo ilionekana kwa mbali kama moshi. Furaha alipiga kelele, "Mama, halina mwisho!" Mama yake akacheka, midomo imemkauka.

Meli haikusogea ufukweni. Ilitia nanga mbali kidogo, na abiria walipelekwa kwa boti ndogo. Kabla ya boti palikuwa na foleni, na kwenye foleni palikuwa na mistari ya chokaa ya kuonyesha pa kusimama. Mwisho wa foleni ilikaa ndoo ya maji na sabuni, na pembeni yake mhudumu wa afya, dada mmoja mwenye koti jeupe, ameshika kipimajoto kile cha kuelekeza kwenye paji la uso. Kijana wa meli alikuwa akitangaza kwa sauti: "Mwenye joto hapandi! Na aliokuja nao hawapandi! Familia ni familia, msije mkatusumbua!"

Spesioza alichoka kusimama juani. Akaketi juu ya gunia la mtu akatwambia, "Nyie tangulieni, nitaingia nyuma yenu." Watu watatu wakapita mbele yake. Mimi na watoto tukanawa, tukapimwa, tukaambiwa tuko salama. Tulikuwa tumeshapiga hatua kuelekea boti niliposikia yule dada akisema, "Mama, hebu tena." Akampima mara ya pili. Akampima mkononi. "Mama, una homa. Huwezi kupanda. Upo na nani?"

Spesioza aliinua uso. Alinitazama mimi tu.

Yule dada alifuata macho yake. Aliona barakoa yangu ya njano yenye maua mekundu, akaona na ya Spesioza inayofanana nayo. "Baba, huyu ni wa kwenu? Maana kama ni wa kwenu, nyie wote mnarudi."

"Hapana," nikasema. "Tumepanda gari moja tu."

Yalitoka hivyo hivyo, kama mwanafunzi anavyotaja jedwali la kuzidisha alilokariri. Jeni aligeuka kunitazama. Furaha akafungua mdomo, nami nikambana bega. Kabla yule dada hajapata nafasi ya kuwauliza watoto, Spesioza akasema, "Niko peke yangu, dada." Akainama akachukua mfuko wake wa nguo, akatoka kwenye mstari.

Simu tulikuwa na moja, nayo ilikuwa mfukoni mwangu.

Saa tisa meli iliondoka. Sitaficha: ilikuwa nzuri. Sitaha ilikuwa imepakwa mistari ya rangi nyeupe kugawanya vyumba visivyo na kuta, na kila familia ilikaa kwenye chake. Hukuruhusiwa kuvuka mstari, wala kupeana chakula, wala kuazimana kikombe. Kila baada ya muda kijana mmoja alipita na chupa ya kitakasa mikono, akituminyia kila mmoja tone. Watoto wa familia mbalimbali walikuwa wanacheza kwa kurushiana maneno tu, kila mmoja akiwa ndani ya mstari wake, na wazazi walisalimiana kwa kuinua vidole. Siku nyingine ningeyaona hayo kuwa ya kuchekesha, ningeyaweka akilini niwasimulie walimu wenzangu. Chetu kilikuwa chumba cha watu wanne, na mkeka tulioutandika ulibaki na nafasi.

Jirani yetu wa upande wa kulia alikuwa mama wa Ikola, mfanyabiashara wa dagaa, amekaa na mumewe na mtoto mchanga. Aliniuliza kwa uchangamfu, "Baba, mama yao yuko wapi?"

Nilikuwa bado natafuta neno Jeni alipojibu, "Baba anajua."

Yule mama akainamia mtoto wake.

Jioni tulifika Ikola. Hapo meli ilisimama karibu saa nzima, boti zikija na kuondoka. Kutoka Ikola kurudi Karema si mbali. Mtu anaweza kupata boti, anaweza kupata pikipiki. Nilisimama, nikachukua begi, nikafika hadi kwenye ngazi. Mwanamume aliyekuwa akishusha abiria akaniuliza, "Unashuka, mzee?" Nikaanza kuhesabu sababu: watoto watachoka, watoto hawajaiona Kigoma, yeye atakuwa ameshapata gari la kurudi kwa kaka yake, na nikirudi sasa itabidi nieleze nilichosema. Ile ya mwisho ndiyo ilikuwa ya kweli. Nikamwambia, "Hapana, nanyoosha miguu." Maneno ya Karema yalinitoka ghafla, naweza kusingizia woga. Ya Ikola niliyafikiria saa nzima.

Asubuhi ya Jumatano tuliingia Kigoma. Nilipopata mtandao nikampigia Nikodemo. Nikamwambia Spesioza alijisikia vibaya akaghairi. "Amefika kwako?"

"Hajafika, shemeji. Mlimwacha wapi?"

"Karema."

Akauliza, "Na nani?"

Nilikata simu nikajifanya mtandao umepotea.

Mwenyeji wetu Kigoma alikuwa Dismas, tuliyesoma naye chuo cha ualimu. Alitupokea vizuri, akatutengea chumba chetu na vyombo vyetu peke yetu, kwa sababu ya mkwe wake mzee aliyekuwa nyumbani. "Usinielewe vibaya," akasema. "Yule mama akiugua sitajisamehe." Nikamwambia amefanya sawa. Alituchinjia kuku, na mchana akatupeleka kuona bandari na reli. Mkewe aliuliza habari za Spesioza nikasema amebaki kwa ajili ya shamba. Jeni alikuwa akila. Aliacha kutafuna mpaka nilipomaliza kusema, kisha akaendelea. Furaha aliomba turudi nyumbani.

Alhamisi alfajiri tulipanda basi la Mpanda, maana meli ya kurudi ilikuwa mpaka wiki ijayo na sikuweza kuisubiri. Tulipita Uvinza, tukaingia msituni, vumbi jekundu likijaa kwenye viti. Furaha alilala mapajani mwangu. Jeni alichagua kiti cha mbele, karibu na mama mmoja asiyemfahamu. Tulipokaribia Mpanda simu iliita. Alikuwa Nikodemo. "Amefika," akasema tu, akakata. Nikavuta barakoa mpaka machoni, nikalia kimya kimya humo ndani.

Ijumaa asubuhi tulikuwa Kabungu. Spesioza alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, anapukuchua mahindi, amekonda usoni. Watoto walimkimbilia akawakumbatia wote wawili kwa pamoja. Nikodemo alinisalimia akaniambia kile alichoambiwa na dada yake: alipimwa akakutwa na joto, akatuambia sisi twende, tusipoteze safari. Alikuwa amenifunika tena, mbele ya kaka yake.

Mengine nilisimuliwa kidogo kidogo. Baada ya boti yetu kuondoka alianguka pale ufukweni. Mama mmoja anayekausha migebuka, samaki wa ziwa lile, alimwinua akamlaza kwenye mkeka wake, ingawa watu walimwonya kwamba huenda ni korona. Jioni alimkokota hadi zahanati. Ilikuwa malaria, tena kali. Siku mbili alilala kwa yule mama, ambaye hakumuuliza ni wa wapi wala mumewe ni nani.

Mchana alimweka Furaha mapajani akasema, "Haya, nisimulie meli." Mtoto akasimulia: injini, mistari myeupe, mtu mwenye chupa, ndege walioifuata meli. Spesioza aliuliza maswali kama mtu anayetaka kujua kweli. "Maji yakikatwa na meli yanalia?" Yanalia, mama. "Na usipoiona nchi kavu, moyo unakwendaje?" Nilishindwa kukaa pale. Nikaenda nyuma ya nyumba, naye baada ya muda akanifuata.

"Mama Jeni, nisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Na mimi nilitaka watoto wapande. Ungekuja ukaninong'oneza, ningekuambia useme vile vile ulivyosema."

"Sasa kwa nini huniangalii?"

"Kwa sababu uliulizwa ukajibu hapo hapo. Baba Jeni, hukusita hata kidogo."

Korona ilipungua, barakoa zikaisha, na tunaishi vizuri, mtu akituona hawezi kujua. Nimemwambia mara mbili twende tena Karema, akasema ziwa ameshaliona. Jeni yuko sekondari. Akiulizwa ugenini yuko na nani, hunitaja hapo hapo, kwa jina langu kamili. Nimejifunza kwamba masharti yale yalikuwa na maana yake, na kwamba yule dada wa kipimajoto alifanya kazi yake. Hakuna sharti lililonilazimisha nimkane mtu. Lilinitaka nirudi nyumbani naye tu, na kurudi nyumbani naye kungekuwa safari njema kuliko ile.

Kabla sijaituma habari hii ichapishwe nilimpa Spesioza aisome. Alisoma polepole, ameketi karibu na dirisha, asibadilishe uso. Kwenye sehemu ya Karema nilikuwa nimeandika kwamba boti ilipoondoka alisimama ufukweni akitupungia mkono. Akaweka kidole juu ya mstari huo.

"Hapa futa," akasema. "Nilikuwa nimewapa mgongo."

Nikafuta.