Motokari Yenye Kuongea Mu Mbavu

Motokari yetu ilikuwa na mulio. Naanzia pale, juu nikianzia mbali nitafika ku maisha ya baba yangu mu mugodi, na habari ya motokari itapotea njiani.

Ni motokari ya kidogo, ya kutumika. Ilitoka Japani, ikapita Dar es Salaam, ikaingia kwetu na mupaka ya Kasumbalesa sawa zote. Usukani iko kuume. Na sisi huku tunatembea kuume ya barabara, kwa hiyo mushoferi anakaa upande wa mufereji, na ule wa kushoto njo anaona katikati ya barabara. Ukiwa nyuma ya kamyo ya shaba, wewe mushoferi unaona matako ya kamyo tu. Ni mwenzako anakuambia pita ao ngoja. Kwangu mwenzako ule ni bibi yangu, mwenye nilimuoa. Bantu banasema mimi njo naendeshaka. Ni kweli, mikono na miguu ni yangu. Macho ni yake.

Basi, bibi yangu alikataa kupanda.

Alikataa muzuri, bila bitumba wala makelele. Alisema motokari iko naongea mu mbavu, na mpaka muntu amuambie iko naongea nini, yeye atapanda kamyo. Hakuwa na woga ya motokari, hapana. Zamani, tukiwa bijana, alipanda bisi ya Likasi yenye ilikuwa nagonga chini tangu asubui. Mwanzo bantu baliuliza. Kisha balizoea. Mama moja alilalia ule mulio sawa wimbo ya mutoto. Gurudumu ikatoka mbele kidogo ya daraja. Hakuna mwenye alikufa, lakini tangu pale bibi yangu haogope mulio, anaogopa bantu benye kuzoea mulio.

Na kamyo haikuwezekana, juu ya yaya yake. Yaya, ni kusema dada yake mukubwa, alikuwa anakaa Lukafu, peke yake ku mashamba tangu bwana yake alikufa. Miguu ilianza kumukatalia. Batoto bote ba mama yabo, balibakia babili tu: yeye na bibi yangu. Tulikubaliana kumuleta kwetu mbele ya mvula kuanza, juu ikianza ile njia ni potopoto, na muntu wa Lukafu anabaki wa Lukafu mpaka jua irudie. Kamyo za kule zinaletaka makala ya kupikia. Unapanda juu ya mifuko, unashika kamba. Mumama wa miguu ya vile, utamupandisha namna gani? Ilikuwa ni motokari, ao yaya anabaki pale mvula yote na ile nyumba yenye kuvuja.

Njo nikaanza kutafuta.

Fundi wa avenue yetu alikuwa wa kwanza. Ni muntu muzuri, lakini kwake kila mulio ni rotile, kile kifundo chenye kushika gurudumu ya mbele. Alilala chini, akatoka na vumbi mu nywele, akasema ni rotile. Tukabadilisha. Mulio ikabaki pale pale. Akasema basi ni rotile ya upande ingine. Nilimuambia, mutoto wangu, wewe uko sawa pasta wa kwetu, kila ugonjwa ni bulozi.

“Papa, na bulozi iko,” akajibu, “lakini ile inakuwaka bei ingine.”

Nikaenda kwa fundi wa nguo, jirani mwenye tunagawana naye ukuta. Ni Muislamu, babu yake alitoka Maniema na mashini ya kushona ku kichwa, vile anasemaka mwenyewe. Alinipa mabaki ya bitenge, mufuko mujima. Nikajaza bitambaa kila fasi: mu milango, chini ya biti, mu kasanduku ya mbele, kando ya gurudumu ya akiba. Motokari ikavimba sawa shavu ya mugonjwa wa meno. Jirani alikuja kuangalia kazi yangu, akazunguka pole pole, akasema imebakia tu kuishonea kola.

Mulio ilipungua. Nikaita bibi yangu kwa kiburi, tukazunguka kidogo. Alisikiliza mpaka tulirudi ku mulango.

“Haukuiponesha,” akasema. “Umeifunga kinywa.”

Nikatoa bitambaa byote, kimoja kimoja. Sikukasirika. Nilikasirika kidogo.

Niwaambie na kintu ingine. Ile motokari, ukiiwasha asubui, sauti ya mwanamuke inatoka mbele na inasema maneno ya Kijapani, kwa heshima kabisa. Hatujui anasema nini. Bibi yangu anamuitikaka: jambo, mama. Ile haikumusumbua hata siku moja. Nilimuuliza sababu gani. Alisema ule hajifiche, anasema jina yake, hatujui tu kulisikia.

Tuendelee. Kesho yake alifunga kitenge muzuri ku kiuno, akapanda, lakini nyuma, si mbele. Akasema niendeshe pole pole, yeye atashika. Avenue yetu haina lami, ni mashimo na mawe, kwa kutafuta mulio hakuna fasi ya kupita ile. Tulikuwa tunaenda mpaka ku kona, tunageuka, tunarudia. Yeye alikuwa anaweka mukono juu ya kintu kimoja, anasikiliza, kisha anaenda ku ingine. Mukaba wa kiti ulikuwa nagonga mbao ya mulango: tukaupata, mulio moja ikafa. Mu kasanduku ya majivu mulikuwa feza ya chuma ya Tanzania: ikafa na ile. Mama wa kuuzisha bunga ku kona alituona tunapita na kurudi, akauliza kama bibi yangu anajifunza kuendesha na nyuma.

“Hapana, mama, iko na homa. Niko naipima,” bibi yangu akamujibu.

Lakini mulio mukubwa ilibaki. Mwisho akatambaa mpaka fasi ya mizigo, akaweka sikio ku ubavu wa kushoto, juu ya gurudumu, akapiga kiti na kofi nisimame. Nikaenda kutwaa kijiko ku jikoni, nikafungua ile plastiki ya ndani.

Mulikuwa kriki, kile chuma cha kuinulia motokari, na funguo ya gurudumu, byote bimefungwa mu gazeti ya Kiswahili ya Dar, gazeti imeisha kuchakaa na chuma inagusa chuma.

Benye kuagiza motokari banajua ile. Njia ni ndefu, motokari inapita mu mikono mingi, na kriki inaweza kuyeyuka sawa chumvi. Kwa hiyo muntu mwenye akili anaificha mu mbavu kule ku bandari, kisha anaambia mwenye motokari fasi gani. Ule mwenye alikuwa na motokari mbele yangu hakuniambia. Labda hata yeye hakuambiwa. Na mimi nilikuwa nimenunua kriki ingine, na nililaani bantu ba njia yote, kutoka Dar mpaka Kasumbalesa, moja moja, na mababu yabo.

Bibi yangu alipanguza ile funguo na pembe ya kitenge yake. Akaniambia turudi ku kona, labda kuko ingine.

Ilikuwa ingine, ya kidogo sana. Plastiki ya mbele, karibu ya kioo, upande wake wa kushoto, ilikuwa nalia sawa nyenje. Nilisema tutapeleka kwa fundi. Yeye akaweka kidole gumba: kimya. Akatoa: nyenje. Akaweka tena.

“Hii naijua,” akasema. “Hii tunaenda nayo.”

Tulitoka asubui kwenda Lukafu, yeye kushoto, kidole juu ya plastiki. Alichoka, akabadilisha mukono. Tulipoacha lami na vumbi ikaanza, nilimuuliza kitanda ya yaya tutaiweka fasi gani. Akaanza kunieleza: kichwa upande wa dirisha, apate kuona bantu benye kupita ku avenue, na sombe, yale majani ya muhogo, tusimupikie bila karanga, atairudisha. Alieleza na mikono yote mbili.

Nyenje ikaanza. Mimi niliisikia. Nilipunguza mwendo tu ku mashimo, sikusema kintu, juu alikuwa amefika ku habari ya mapazia.