Jezi Iliyoshonwa Kabla ya Mbio

Watu wa mji wetu hawajui mbio za baiskeli, wanajua kupiga makofi. Pita na bendera, watapiga. Pita na jeneza, nusura wapige. Nawasema kwa sababu nimewauzia tofu, ile jibini ya maharage ya soya, tangu ujana wangu, na sijamsikia hata mmoja akiuliza swali la maana kuhusu Chinatsu, binti wa kaka yangu, mwendesha baiskeli wa kulipwa aliyerudi nyumbani kila msimu bila kikombe.

"Mbona hushindi?" walimuuliza dukani kwangu, mbele ya ndoo zangu.

"Samahani," alijibu Chinatsu. "Nitajitahidi."

Jibu hilo ndilo lililonichoma. Si kwamba hakuweza kushinda. Kazi yake ilikuwa kutoshinda. Kwenye timu ya baiskeli yuko nyota mmoja, na waliobaki wote ni punda wake. Chinatsu ndiye aliyerudi nyuma kwenye gari la timu, akajaza chupa za maji ndani ya jezi mgongoni mpaka akawa na nundu, akazipeleka mbele. Ndiye aliyetangulia ili upepo umpige yeye, nyota apumue nyuma ya mgongo wake. Nyota akipata pancha, Chinatsu alishuka akampa gurudumu lake mwenyewe, akabaki kando ya barabara ameshika baiskeli yenye mguu mmoja. Aliifanya kazi hiyo Ubelgiji, kwenye mvua na barabara za mawe, akaja kuifanya na kwetu. Punda afe, mzigo ufike.

Mzigo wenyewe, miaka ya mwisho, ulikuwa Reika. Binti yule ana mapafu mazuri na uso mzuri zaidi, na uso huo ulibandikwa kwenye kila pakiti ya achari ya figili ya Mwenyekiti Tsubouchi. Tsubouchi ndiye mwenye kiwanda cha achari, ndiye mwenye timu, na tena ndiye mwenyekiti wa chama cha mashabiki, yaani anacheza ngoma yake na kujitunza mwenyewe. Baiskeli hajaipanda tangu shule. Akipanda ngazi tu anashika kiuno.

Mwaka ambao Chinatsu aliamua kustaafu, mbio za ubingwa wa taifa zililetwa mjini kwetu, zikipita mbele ya duka langu na kupanda kilima cha hekalu. Siku chache kabla ya mbio alikuwa jikoni kwangu anakula tofu ya moto, akasema bila kuniangalia:

"Shangazi, ile jezi nyeupe, yenye duara jekundu kifuani. Naitaka. Mara moja tu kabla sijaacha."

Jezi hiyo huvaliwa na bingwa wa taifa peke yake.

"Umemwambia Mwenyekiti?"

"Nitamwambiaje? Mwaka huu ni wa Reika."

"Basi kaombe ruhusa, na kwa mkewe upite," nikamwambia. "Mwanamke mzima, mapaja kama magogo, unamwogopa muuza achari!"

Akacheka, akaosha bakuli lake, akaondoka. Nilimdharau siku ile, sifichi.

Siku ya mbio, Tsubouchi alikuwa amejenga jukwaa kule juu ya kilima, penye mstari wa kumalizia, amelizungushia mabango ya uso wa Reika na masanduku ya achari yaliyoandikwa "Bingwa Wetu". Na jezi yenyewe ya ubingwa alikwisha kuishonesha! Kwa vipimo vya Reika, na jina la kiwanda mgongoni kwa herufi kubwa. Aliiweka kwenye kabati la kioo, watu wakapanga foleni kuitazama, wakaipigia makofi, nguo tupu isiyo na mtu ndani. Wahenga walituonya tusikate mbeleko mtoto hajazaliwa, lakini wahenga hawakuwa na kiwanda.

Mzunguko wa mwisho wakaja wawili peke yao, Chinatsu mbele, Reika nyuma yake. Kundi zima lilikuwa linawafukuza, tayari limeonekana darajani. Walipoanza kilima mbele ya duka langu, Reika akaishiwa. Kichwa kinayumba, mdomo wazi. Chinatsu akageuka kumtazama kama alivyozoea, akapunguza mwendo. Gari la timu likasogea, na Tsubouchi akatoa kichwa dirishani.

"Msubiri! We Chinatsu, nimesema msubiri mwenzio!"

Nami nimesimama pale na aproni yangu, nikapasua koo: "Unasubiri nini? Unasubiri uzeeke?"

Chinatsu akarudi ubavuni kwa Reika. Akachomoa chupa yake ya mwisho mgongoni, akamtia mkononi. "Samahani, Reika," akasema, akainamisha kichwa kama mtu anayeaga ofisini. Kisha akasimama juu ya pedali, akaenda zake. Hata kuasi aliasi kwa adabu, mjinga yule, na mimi nalia mbele ya wateja.

Alifika juu peke yake. Reika alimezwa na kundi.

Nilipopanda hadi nyuma ya jukwaa nikihema, Tsubouchi alikuwa amewiva kwa hasira. "Shukrani ya punda mateke!" alifoka. Angalau siku hiyo alikiri nani alikuwa punda.

Sasa ikawa jezi. Hapakuwa na nyingine. Chinatsu akaingiza mikono, lakini mabega yale na mgongo ule, uliojengwa kwa kubeba wenzake, havikuingia kwenye nguo ya Reika. Zipu ikagoma kifuani.

"Basi usiivae, ishike tu mbele tupige picha," Tsubouchi akasema. "Halafu utawaomba radhi wafadhili. Umetuvurugia kila kitu."

Nikaisubiri ile samahani yake. Haikuja.

"Shangazi," akasema Chinatsu, "una mkasi?"

Nilikuwa nao mfukoni, ule wa kukatia mifuko ya tofu. Akanipa mgongo.

"Kata."

"Wapi?"

"Katikati. Kuanzia shingoni mpaka chini."

Nikakata. Zipu ikapanda mpaka kooni. Akatoka jukwaani, na kwa mbele lile duara jekundu lilikaa sawasawa, weupe wa jezi unang'aa. Umati ukapiga makofi, ungefanya nini kingine. Tsubouchi alipoona kamera zote zimeelekea pale, hasira ikamtoka, akajipenyeza kando ya bingwa na tabasamu la kuuzia achari.

"Haya, bingwa wetu!" akasema kwenye kipaza sauti. "Geuka sasa, waonyeshe jina la kiwanda!"

Chinatsu akageuka. Jina lilikuwa limepasuliwa vipande viwili, kila kipande kinapepea upande wake, na katikati ulikuwa mgongo mtupu uliolowa jasho, ule ule ambao nyota wote walijificha nyuma yake. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, mji wetu ulisahau kupiga makofi.