Msomaji Aliyeacha Akala Moja

Utaniambia nilikuwa nimesinzia. Au nilikuwa na njaa, au ni moshi wa koroboi ulionipanda kichwani. Sema tu, wote huniambia hivyo. Hata shangazi yangu aliyenilea aliniambia ninywe uji wa moto nilale. Mimi huwa nasikiliza mpaka mtu amalize, kisha nainuka, naleta ile akala, kiatu cha wazi cha mpira wa tairi, naiweka mezani mbele yake. Bado sijaona mtu anayeendelea kubisha baada ya kuigusa.

Miaka ya sabini ilipokuwa inakaribia kwisha nilikuwa msichana mwenye mdomo mrefu na benchi moja. Benchi lilikuwa mtaani Bahati, kando ya ukuta, pale shangazi alipouzia sukuma wiki na nyanya. Asubuhi niliuza magazeti. Jioni nilikodisha vitabu vya katuni, vile vya Kizungu vya mashujaa wanaoruka angani na kuinua malori kwa mkono mmoja. Vilinifikia vikiwa vimekwisha kupita mikono mingi huko mjini, vingine havina jalada. Ulitoa senti zako, ukakaa, ukasoma, ukarudisha. Lakini watu wa mtaa wetu niliwajua. Mtu akiinuka na kitabu eti anakwenda haja, hukioni tena. Kwa hiyo nikaweka sheria: ukitaka kusoma, unaniachia kiatu cha mguu mmoja chini ya kigoda changu. Ukirudisha kitabu, unavaa kiatu chako unakwenda. Nani atatembea Bahati nzima na kiatu kimoja? Walinicheka sana, lakini waliacha viatu.

Msomaji wangu mkubwa alikuwa Mutiso. Kijana mrefu, fundi wa kuchonga vinyago, twiga na vifaru vya kuuzia watalii. Alitoka kazini Pumwani kwa miguu na nywele zake zimejaa unga wa mbao. Yeye alisoma kitabu kimoja tu, kilichotoka toleo baada ya toleo, cha kundi la mashujaa watano walioitwa Kikosi cha Ngao. Majina yao ya Kizungu tuliyatupa tukawapa yetu. Kulikuwa na Bibi Radi, Kaka Mwamba, Mapacha wawili, na yule mdogo aliyetoa mwanga kifuani, ambaye tulimwita Taa.

Mutiso aliwahi kukiacha hicho kitabu kwa hasira, mwaka mzima hakukigusa, kwa sababu Bibi Radi aliolewa na mwanamume asiyemfaa. Siku moja nikamwona huyo, anavua akala yake.

"Umerudi kwa mkeo?" nikamuuliza.

"Nimerudi kuona kama wamepata akili," akasema.

Tangu siku hiyo hakuna toleo alilosoma bila kunipa maoni yake, niyatake nisiyatake. Mchoraji huyu mvivu, angalia mikono. Hapa wamerudia. Hapa Kaka Mwamba amesema neno ambalo yeye hawezi kulisema. Wateja wengine walimwambia anyamaze. Mimi sikumwambia. Nilikuwa nimempenda, na sasa nina mvi, sina haja ya kuficha. Yeye hakujua, au alijua akaona bora kuzungumza juu ya katuni.

Jumamosi ya mwisho alisoma toleo ambalo Taa anaanguka ndani ya maji, chini ya mji, na hakuna mwenzake anayemwona. Mwanga wa kifuani unafifia, unafifia, ukurasa wa mwisho ni mweusi mtupu. Halafu wakaandika kwamba itaendelea.

"Watamtoa," nikasema.

"Wakimtoa, siste, mimi nimeacha tena. Afe. Mtu akizama amezama." Akavaa akala yake. "Lakini cha pili kikija, niwekee."

"Nitakuwekea. Ukichelewa nampa mwingine."

"Usithubutu! Niwekee, nitakuja."

Kesho yake, Jumapili, alitoka nyumbani kwao mchana na hakurudi.

Mama yake alikuwa mjane, Mama Mutiso, na chumba chao kilitazamana na benchi langu, barabara tu katikati. Alimtafuta kituo cha polisi, hospitali, hata mochari aliingia, mama wa watu, akafunuliwa nyuso za watoto wa wengine. Mtu mmoja akamwambia alimwona Mutiso akipanda basi la Mombasa na mfuko wa vinyago. Mama akashika neno hilo kwa mikono miwili. Kila jioni alipakua chakula, akafunika sahani ya mwanawe kwa sahani nyingine, akaacha mlango wazi. Niliona yote kutoka pale benchini. Asubuhi alikuwa akimwaga kile chakula, hanitazami.

Miezi ikapita. Sehemu ya pili ikafika ndani ya furushi la vitabu vikuukuu. Nikaiweka chini ya kigoda, sikumpa mtu yeyote.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Ilikuwa jioni, watu bado wanapita, stima zimepotea mtaa mzima kama kawaida yake. Nimewasha koroboi. Shangazi amekwenda kuteka maji. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki nyingi, vumbi limetujaa mpaka kwenye meno. Mtu akaja, akavua akala ya mguu wa kushoto, akaisukuma chini ya kigoda changu, akakaa mahali pake.

"Umeniwekea?"

Ni yeye! Nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia, vyote kwa pamoja. "Mutiso! Wewe huna haya? Mama yako amekwisha kwa kulia, wewe umekaa Mombasa unakula samaki!"

"Ngoja nisome kwanza."

Ungefanya nini wewe? Mimi nilimpa kitabu. Nilijiambia akala yake ninayo, hawezi kwenda popote, asome, halafu nitamvuta kwa sikio hadi kwa mamake. Niliona shati limemganda mwilini limelowa, nikadhani ni jasho. Nilimmiminia chai. Hakuigusa.

Alisoma polepole, na kama ilivyokuwa desturi yake, alisema. Bibi Radi wamemchora vizuri safari hii. Mapacha wanaongea sana. Nilikuwa nacheka, unaamini? Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilicheka. Kisha akafika ukurasa ambao wenzake wanamwona Taa chini ya maji, mwanga wake bado unawaka, wanamvuta, anakohoa, anauliza kama wamemwachia chakula, wote wanacheka. Akafunga kitabu.

"Wameharibu," akasema.

"Kwa nini? Si amepona?"

"Wamejuaje aliko? Hakuna aliyemwona akiingia. Ukiteleza peke yako, nani atakuja? Utaita, na maji yatakuingia mdomoni hata neno halijaisha. Na huo mwanga ni uongo. Kule chini hakuna mwanga. Kuna mabati, kuna waya, waya unakushika mguu. Baridi inaanzia miguuni inapanda." Alizungumza kwa sauti ileile ya kulaumu mchoraji. "Hata maji wamepaka buluu. Maji ya timbo si ya buluu, siste. Ni ya kijani juu, chini ni meusi."

Timbo ni shimo walikochimba mawe ya kujengea. Upande wa Mathare yalikuwapo yaliyoachwa yakajaa maji, na vijana walikwenda huko kuoga Jumapili.

Hapo nikajua. Nyumba ya mama yake ilikuwa pale ng'ambo, mlango wazi, nauona, na mama mwenyewe ndani anapakua chakula kwa mwanga wa taa yake. Nilitaka kupaza sauti, Mama Mutiso njoo! Haikutoka. Nilitaka kuinuka nikashindwa. Nilichoweza ni kunong'ona.

"Mutiso, nimwambie nini mama?"

Akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaikumbuka nyumba yao. Akageuza uso kuelekea ule mlango, akautazama, midomo ikamcheza. Nilingoja. Mungu wangu, nilingoja neno moja tu la kumpelekea yule mama.

"Kinachofuata kipo?" akauliza.

"Hapana. Hakijafika."

"Basi kikija niwekee."

Na mimi, kwa mazoea ya kazi, kwa woga, kwa mapenzi, sijui kwa nini, nikajibu nilivyowajibu wateja wote. "Nitakuwekea."

Nikainama kuichukua akala nimpe. Nilipoinua kichwa, benchi lilikuwa tupu. Kitabu kilikuwa pale, kikavu. Benchi kavu. Akala mkononi mwangu ilikuwa inachuruzika maji, na imejaa tope jeupe la mawe.

Nilivuka barabara mbio. Nilidhani napeleka habari ya msiba, na nilikuwa nimejiandaa kulia naye. Nikamweleza yote, timbo, waya, maji, neno kwa neno. Mama Mutiso alichukua akala akaigeuza. Ukanda wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa gunia wa buluu.

"Huu uzi ni mimi nilishona," akasema. Kisha akatabasamu, na tabasamu hilo lilinitisha kuliko yote niliyoyaona benchini. "Ameacha kiatu chako cha sheria, mwanangu?"

"Ameacha, mama, lakini..."

"Basi atarudi. Wewe mwenyewe husema, hakuna anayekwenda na kiatu kimoja."

Nikasema, mama, nisikilize, Mutiso amekufa. Akaniambia, mtu aliyekufa haombi awekewe kitu. Sheria ilikuwa yangu, ahadi ilikuwa yangu. Yule mama aliyekuwa ameanza kuchoka kungoja, nilimpelekea mimi kwa mikono yangu sababu ya kungoja upya.

Wanaume wa mtaa walikwenda timboni na miti mirefu na kamba. Miti haikufika chini. Waliyavuta mabati mawili, wakachoka. Polisi waliniuliza nilimwona mtu huyo akizama? Nikasema hapana. Nani basi amekuambia? Wakanirudisha nyumbani kwa upole, na upole wao ulinikata moyo zaidi.

Tangu hapo Mama Mutiso alihamia benchini kwangu. Kila jioni alikaa mahali pa mwanawe, sahani iliyofunikwa mapajani. Aliniuliza, kimekuja? Nikamwambia bado. Akaanza kukitafuta mwenyewe. Mama asiyejua kusoma, aliyeona katuni ni mambo ya wahuni, alizunguka soko la Gikomba, akapanda hadi mjini kwa wauza vitabu vikuukuu, ananionyesha kila anacholeta. "Ni hiki?" Siyo, mama, huyu ni mwingine. "Na hiki?" Siyo. Alijifunza kuwatambua kwa sura, Bibi Radi, Kaka Mwamba, Mapacha, mpaka hakuniuliza tena. Alimjua Taa kuliko wote. Alikuwa akimpitishia kidole kifuani, pale penye mwanga.

Mimi nami nilitafuta, lakini sikujua naomba nini. Nikikipata, Mutiso atakuja kutoka kule, atakaa mbele ya mama yake, halafu atazungumza juu ya mchoraji! Nisipokipata, mama atangoja. Niambie wewe, lipi bora?

Hakikupatikana. Miaka ya themanini ilitukuta pale pale, nywele zake zikiwa nyeupe. Alifariki msimu wa baridi, akiwa usingizini, na asubuhi sahani ilikuwa bado imefunikwa. Nilitaka kuizika akala pamoja naye. Niliishika hadi ukingoni mwa kaburi, mkono ukakataa. Nikawaza, akija akaikosa?

Sasa sikia kilichonipata. Baada ya mazishi, hata mwaka haukuisha, mtu aliyekuwa anahama aliniletea boksi la vitabu vikuukuu nimnunulie. Chini kabisa kilikuwamo. Bibi Radi yuko juu ya jalada, Taa nyuma yake. Ndicho kinachofuata. Nikafunga benchi siku hiyo hiyo na sikulifungua tena.

Sijakisoma. Kimo ndani ya mkebe wa biskuti juu ya kabati, pamoja na akala, na ile akala haijawahi kukauka. Iguse. Miaka yote hii, na bado inalowesha mkebe. Kuna jioni, stima zikipotea, nasikia mtu anatembea nje, hapa hapa Bahati, kwenye saruji, mguu mmoja una sauti na mwingine hauna. Anafika mlangoni, anasimama. Hagongi. Ananiheshimu, alikuwa kijana mwenye adabu. Mimi nakaa kitandani nautazama mkebe. Nikimpa kitabu, atavuka barabara baadaye atafute mlango uliokuwa wazi, na chumba kile sasa wanaishi watu wengine. Nitamwambia nini? Nisipompa, ataendelea kunisubiri mimi, kama mama yake alivyomsubiri yeye. Naogopa, na bado nampenda, na sijui la kufanya.

Wewe ni kijana, una biashara yako. Mteja akikuambia umwekee kitu, mwambie akichukue sasa au akiache. Hata awe ni mtu unayempenda namna gani, hata akicheka, usimwambie utamwekea.