Kengele ya Chakula cha Mchana

Baba yangu, Mahlon Yutzy, amesimamisha kuta za mbao kwa miaka thelathini katika jumuiya yetu ya kidini hapa wilayani Holmes. Neno lake lilikuwa moja: mtu haachii ukuta mpaka mbao za kuuegemeza zipigiliwe misumari juu na chini.

Mwezi wa sita tulimjengea jirani yetu Abe ghala. Wanaume kumi na wawili walikuwa wanauinua ukuta mrefu, Abe akamtania kaka yangu, "Ervin, unainua au unaukumbatia kama mchumba?"

"Sukuma huko, mzee, maneno hayainui mbao!" Ervin akajibu, wote wakacheka.

Ukuta ukasimama. Mbao za kuuegemeza zilishapigiliwa juu, na Ervin alikuwa amechuchumaa apigilie chini, mama alipogonga kengele ya chakula. Kwetu kengele ikilia, wanaume huvua kofia, huinamisha vichwa na kuomba kimya. Mikono yote ikatoka ukutani, hata ya baba. Upepo ukaja, ukuta ukamwangukia Ervin.

Tulimzika Alhamisi. Hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Baba bado anajenga. Mama ameifungia kengele kabatini, na wito wa chakula nawapelekea mimi kwa miguu. Wenzake wakishavua kofia, baba bado huzunguka akitikisa kila ubao wa kuegemeza. Jana alipofika kwenye ule wa mwisho, nilimsikia akisema polepole, "Ubao umeshika, Ervin. Toka hapo chini sasa, mwanangu, tukale."