Rangi Niliyoipaka Boti ya Alumini

Admin, nifichie jina langu na la kijiji; ukisema ni upande wa Msambweni yatosha. Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu wa sayansi. Sina machozi wala hasira. Naandika kwa sababu Jumamosi natakiwa kusema mbele ya watu, na sijui nitasema nini.

Mwaka jana nilinunua boti kuukuu ya alumini, ndogo, ya kuwabebea kina mama mwani wao kutoka mashambani baharini hadi ufukweni. Niliichagua kwa makini. Mtu akinunua boti ya namna hii asitazame kung'aa kwake. Tuliijaza maji ikiwa nchi kavu, nikapita chini na kitambaa kikavu kutafuta ribiti, vile vipini vinavyoshikanisha mabati, inayovuja. Sikupata hata moja. Ubao wa nyuma unaobeba mashine ulikuwa umeoza, nikauondoa, nikaweka mpya. Mashine nayo nilichagua ya nguvu ndogo, kwa kuwa kubwa huilemea boti upande wa nyuma.

Nahodha nilimfanya shemeji yangu, mdogo wa mke wangu; nitamwita Shee. Yeye tangu utotoni amezoea vyombo vya mbao. Siku ya kupaka rangi nilileta mkebe wa ile rangi nyekundu yenye shaba, inayopakwa chini ya mashua zetu zote ili majani na konokono wa bahari wasishike. Shee aliugeuzageuza mkebe.

"Mwalimu, hii si ya mbao? Bati nalo lapakwa hii?"

Watu waliokuwa bandarini wakanitazama. Nikamjibu, "Shee, mimi nimefundisha sayansi miaka thelathini na miwili. Wewe shika brashi."

Wakacheka. Mmoja akamwambia, "Leo umepatikana, nahodha! Piga magoti kabisa, uinue na mikono!" Shee naye akacheka, akapaka.

Mwezi wa nane tangu siku ile, boti ilijaa maji ikiwa na kina mama watano. Walitupa magunia yote ya mwani, wakachota maji kwa ndoo na kwa sufuria ya chakula hadi wakafika mchangani. Hakufa mtu. Nami nilimwambia Shee mbele ya wote, "Umeipitisha kwenye mwamba."

"Wallahi, mwalimu, sikugusa mwamba."

Sikumsikiliza. Tangu hapo hakuna mama anayekubali kupanda chombo akishika yeye usukani. Vijana wamempa jina, Shee Mwamba. Mke wangu hapokei simu ya mdogo wake.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kuigeuza boti ili niizibe. Nikakwangua rangi. Mkwaruzo haukuwapo. Palikuwa na unga mweupe, na chini ya unga vitundu vingi kama vya sindano, kila mahali rangi iliposhika. Nilijua mara moja. Shaba na alumini zikigusana ndani ya maji ya chumvi, alumini huliwa. Jambo hilo nimelichora ubaoni kila mwaka, na watoto waliolikosea nimewatia alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Nilikaa pale mpaka maji yakanifika miguuni. Sikuhisi kitu. Nikaifunika boti kwa turubai, nikarudi nyumbani, nikala.

Sasa kamati ya bandari itakaa Jumamosi kumwondoa Shee katika unahodha. Kazi nyingine hana. Mimi ndiye nimeombwa kufungua mazungumzo, kwa kuwa boti ni yangu na nimesoma. Nusu ya kamati niliwafundisha mimi. Neno langu hawaliulizi mara mbili, na sijabakiwa na kingine zaidi ya hicho.

Jana alasiri Shee alikuja. Akatoa shikamoo yake kama kawaida, akakaa kwenye mkeka.

"Mwalimu, nimefikiri sana. Ikiwa niligusa mwamba, basi sikuujua. Nifundishe nilikosea wapi, nisije nikazamisha watu wengine."

Nikamwambia, "Tutazungumza." Akashukuru, akaenda zake.

Ndugu zangu, nishaurini, Jumamosi nianze na neno gani? Ila naomba msiniambie kwamba ilikuwa bahati mbaya. Aliponiuliza, brashi ilikuwa bado kavu.